Ufunguo wa seva si ruhusa ya kusoma faili la mgonjwa

Mgonjwa anapoandikishwa katika zahanati au hospitali ya umma hapa Migori, au kwa jirani zetu wa Homa Bay, mambo mengi kumhusu huingizwa kwenye kompyuta: jina, umri, kijiji, namba ya simu, matokeo ya vipimo, dawa anazotumia na tarehe ya kurudi kliniki. Wananchi wengi huuliza kama daktari na muuguzi watatunza siri hiyo. Ni wachache wanaouliza swali la pili: yule fundi anayeitunza kompyuta yenyewe, je, anaweza kuyasoma hayo yote?

Katika mpangilio wa kawaida wa seva nyingi, jibu ni ndiyo. Anaweza kuyasoma, kuyanakili na kuondoka nayo, hata kama hana nenosiri la mfumo wa hospitali. Si lazima awe mtu mbaya. Ni kwamba kompyuta nyingi zimeundwa kumwamini msimamizi wake kwa kila kitu.

Kuna njia ya kurekebisha hali hiyo. Kitaalamu inaitwa udhibiti wa lazima wa ufikiaji, nayo haihitaji kununua programu mpya, kwa sababu imo tayari ndani ya seva nyingi zinazotumia mfumo wa Linux. Makala haya yanaeleza njia hiyo ni nini, inavyofanya kazi, mahali inapoishia, na haki alizo nazo mwananchi.

KWA NINI JAMBO HILI LINATUGUSA

Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulikadiria kuwa asilimia 4.9 ya watu wazima nchini Kenya walikuwa wakiishi na virusi vya Ukimwi. Homa Bay ilikuwa na asilimia 19.6, kiwango cha juu zaidi nchini, na Migori asilimia 13.0. Kwa lugha nyepesi, wakati huo Homa Bay ilikuwa takriban mtu mzima mmoja kati ya watano, na Migori zaidi ya mmoja kati ya kumi. Kwa hivyo tunapozungumza kuhusu rekodi za kliniki ya CCC hatuzungumzi kuhusu watu wa mbali. Tunazungumza kuhusu ndugu, majirani, walimu na wafanyakazi wenzetu.

Vituo vingi vya eneo hili hutunza rekodi hizo kwa KenyaEMR, mfumo uliojengwa juu ya OpenMRS. OpenMRS yenyewe ina mizizi hapa nchini: ilianza mwaka 2004, na miongoni mwa mahali pa kwanza ilipotumika ni Eldoret, katika mpango wa AMPATH unaoshirikisha Chuo Kikuu cha Moi na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Data za mfumo huo hukaa ndani ya hifadhidata ya MySQL, mara nyingi kwenye seva ndogo iliyo ndani ya kituo chenyewe.

Faida zake ni kubwa. Mgonjwa aliyekosa kurudi kliniki hutambuliwa mapema, dawa huagizwa kwa hesabu sahihi, na daktari anaona historia yote kwa pamoja. Lakini kuna tofauti moja kubwa na zama za karatasi. Kabati lenye mafaili ya wagonjwa elfu tatu haliwezi kutiwa mfukoni. Hifadhidata yenye majina hayohayo inatosha ndani ya flashi ndogo kuliko kidole.

Siri ikivuja, hasara haiishii kwenye aibu. Wahudumu wa afya wanawajua wagonjwa wanaokipita kituo kilicho karibu na nyumbani na kupanda matatu au mashua hadi kituo cha mbali, ili wasionekane na jirani kwenye foleni. Mtu kama huyo akisikia kuwa majina yametoka, huenda asirudi kuchukua dawa. Akiacha dawa, virusi huongezeka mwilini, yeye huugua, na anaweza kuwaambukiza wengine. Kwa sababu hiyo, kulinda faili la kompyuta ni sehemu ya tiba.

Mahakama Kuu imewahi kulipima jambo linalofanana na hili. Mwaka 2015 kulitolewa agizo la kitaifa la kukusanya taarifa za watoto wa shule wanaoishi na virusi vya Ukimwi, pamoja na walezi wao na akina mama wajawazito na wanaonyonyesha. Shirika la KELIN na wenzake walienda mahakamani. Desemba 2016, Jaji Isaac Lenaola aliamua kuwa agizo hilo lilikiuka Katiba, kikiwemo Kifungu cha 31 kuhusu faragha. Aliamuru majina yaliyokusanywa yawekwe kwa msimbo, kwa namna isiyounganisha jina la mtu na hali yake. Funzo lake kwetu ni kwamba orodha inayoweka jina na hali ya mtu mahali pamoja ni hatari yenyewe, hata kama lengo la kuikusanya ni jema.

HATARI HAITOKI NJE PEKEE

Tunaposikia data zimeibwa, wengi wetu huwaza mdukuzi aliye nchi ya mbali. Visa viwili vya kimataifa vinaonyesha upande mwingine.

Januari 2019, Wizara ya Afya ya Singapore ilitangaza kuwa data za watu 14,200 wanaoishi na virusi vya Ukimwi, wakiwemo raia wa nchi hiyo 5,400 na wageni 8,800, zilikuwa zimewekwa hadharani mtandaoni. Hakuna aliyeuvunja ukuta wa mtandao kutoka mbali. Wizara ilieleza kuwa daktari aliyekuwa mkuu wa kitengo cha afya ya umma alikuwa na ruhusa halali ya kuifikia sajili hiyo kwa kazi yake, na data zikaishia mikononi mwa mwenzi wake. Wizara ilisema pia kuwa tangu 2016 ilikuwa imeweka utaratibu wa watu wawili kuidhinisha kabla ya data za sajili kupakuliwa, na kuwa 2017 ilizuia vifaa vya kuhifadhia visivyoidhinishwa kwenye kompyuta za kazi.

Kisa cha pili ni cha mwaka 2013. Edward Snowden, msimamizi wa mifumo aliyefanya kazi kwa mkataba katika Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, NSA, alinakili nyaraka nyingi za siri za shirika hilo. Watu wanatofautiana kuhusu alichokifanya, lakini upande wa kiufundi hauna mjadala: kazi ya kutunza mitambo ilimpa nafasi ya kufikia yaliyomo ndani yake. Baadaye shirika hilo liliweka kanuni ya watu wawili kwa wasimamizi wake wa mifumo.

Visa hivi havisemi kuwa mafundi wetu wa ICT si waaminifu. Vinasema kuwa siri ya maelfu ya watu haifai kutegemea uaminifu wa mtu mmoja. Tena kinga hii humlinda fundi mwenyewe. Data zikivuja, mtu ambaye rekodi zinaonyesha hakuwa na njia ya kuzifikia hatashukiwa, wala hatashinikizwa na mtu yeyote amtafutie jina la fulani.

KWA NINI NENOSIRI HALITOSHI

Hifadhidata kama MySQL ina walinzi wake. Kila mtumiaji ana jina na nenosiri, na inawezekana kuamua kuwa muuguzi huyu asome jedwali hili na karani yule asilione. Ulinzi huo ni mzuri, lakini unafanya kazi pale tu mtu anapopitia mlango wa MySQL.

Chini ya MySQL kuna mfumo endeshi, yaani Linux. Kwa Linux, hifadhidata nzima ni mafaili ya kawaida ndani ya folda, ambayo mara nyingi ni /var/lib/mysql. Linux nayo ina ruhusa zake: kila faili lina mwenyewe, na mwenyewe huamua nani asome na nani aandike. Huo ndio unaoitwa udhibiti wa hiari, kwa sababu mwenye faili hutoa ruhusa kwa hiari yake.

Tatizo ni akaunti kuu ya msimamizi. Akaunti hiyo haizuiwi na ruhusa hizo. Anayeishika anaweza kunakili folda nzima, kuipeleka kwenye kompyuta yake, na kuifungua huko kwa MySQL yake mwenyewe, ambako yeye ndiye anayegawa manenosiri. Daftari la MySQL ya hospitali, linaloandika nani alisoma nini, halitaonyesha chochote, kwa sababu hakuna aliyepita mlangoni.

MFANO WA KABATI LA MOFINI

Wahudumu wa hospitali tayari wanaijua kanuni tunayoizungumzia. Dawa kali kama mofini hufungiwa ndani ya kabati lenye kufuli mbili, na kila inapotolewa huandikwa kwenye rejista na kutiwa saini. Mkuu wa hospitali hafungui kabati na kujitolea chupa kwa sababu tu yeye ndiye mkubwa. Mlinzi wa usiku naye, ingawa ana funguo za milango ya jengo, hana ufunguo wa kabati hilo. Kazi yake ni kuhakikisha jengo halivunjwi, na kazi hiyo haihitaji mofini.

Msimamizi wa seva ni kama yule mlinzi. Anahitaji kuwasha na kuzima mashine, kuangalia kama diski imejaa, kusakinisha masasisho na kuhakikisha nakala za akiba zinatengenezwa. Hakuna hata moja kati ya kazi hizo inayohitaji asome kuwa mtu fulani wa kijiji fulani anatumia dawa gani.

JINSI UDHIBITI WA LAZIMA UNAVYOFANYA KAZI

Katika udhibiti wa lazima, anayeamua si mwenye faili bali sera moja iliyowekwa kwa seva nzima. Katika mfumo uitwao SELinux, kila faili na kila programu inayoendeshwa ina lebo. Programu inapotaka kugusa faili, kiini cha Linux hutazama lebo hizo mbili na kuiuliza sera: hii inaruhusiwa kugusa ile? Kisichotajwa katika sera hukataliwa. Kuingia kwa akaunti kuu hakuondoi katazo hilo.

Tuchukue hifadhidata yetu. Mafaili yake hubandikwa lebo inayoandikwa mysqld_db_t. Programu ya MySQL inapoendeshwa hupata lebo yake, mysqld_t. Sera inasema mwenye lebo ya pili anaweza kusoma na kuandika yenye lebo ya kwanza. Msimamizi akiingia kwa lebo nyingine na kujaribu kunakili mafaili hayo, hukataliwa, na jaribio lake huandikwa kwenye daftari la matukio. Hata akitumia amri ya kujigeuza kuwa mtumiaji wa MySQL, jina lake linabadilika lakini lebo yake inabaki ileile.

Wazo hili si jipya. Mwaka 1973 David Bell na Leonard LaPadula waliandika kanuni za kihesabu za kuzuia siri zisishuke kutoka ngazi ya juu hadi ya chini, katika kazi iliyofanywa kwa ajili ya Jeshi la Anga la Marekani. Desemba 2000, NSA, shirika lilelile la kisa cha Snowden, lilitoa SELinux kwa umma bila malipo, na mwaka 2003 ikaingizwa rasmi katika Linux toleo la 2.6. Mfumo mwingine wa aina hii ni AppArmor, unaokuja ukiwa umewashwa katika Ubuntu. AppArmor haitumii lebo. Kila programu hupewa orodha ya njia za mafaili inayoruhusiwa kugusa.

KUWASHWA SI KUFUNGWA

Hapa ndipo vituo vingi vinaweza kujidanganya. Afisa anaulizwa kama seva ina SELinux au AppArmor, anajibu ndiyo, na kila mtu anaridhika. Jibu ni la kweli, lakini halitoshi.

Mipangilio inayokuja na mifumo hii kiwandani inalenga hasa kuzibana programu. MySQL ikivamiwa kupitia mtandao, AppArmor itaizuia isitangetange kwenye mafaili mengine ya seva. Huo ni ulinzi wa maana. Lakini haimgusi msimamizi aliyeketi mbele ya kibodi, kwa sababu yeye hayumo kwenye orodha ya waliobanwa. SELinux nayo, katika sera yake ya kawaida, humwacha msimamizi bila kizuizi. Ili azuiwe, ni lazima mtu aketi na kuandika sehemu ya sera inayosema hivyo.

Jambo la pili la kuangalia ni hali ya utendaji. SELinux inaweza kuwekwa katika hali ya kutazama tu, ambapo makosa huandikwa lakini hayazuiwi, au katika hali ya kutekeleza, ambapo huzuiwa. Mara nyingi programu mpya ikikataa kufanya kazi, fundi hushauriwa aizime SELinux "kwa muda", kisha muda huo haufiki mwisho. Kituo kinaweza kukaa mwaka mzima kikiamini kimefungwa ilhali mlango uko wazi.

HATUA ZA KUFUATA

Kwa maafisa wa ICT na wasimamizi wa vituo, hizi ndizo hatua za msingi, kwa mpangilio wake.

Kwanza, orodhesha kazi halisi za msimamizi. Andika kila amri anayohitaji kwa wiki na kwa mwezi. Sera nzuri hutokana na orodha hiyo, kwa sababu sera inayomzuia mtu kufanya kazi yake itazimwa siku ya kwanza ya shida.

Pili, kila msimamizi awe na akaunti yake. Akaunti kuu inayotumiwa na watu watano haina mwenyewe, na daftari la matukio haliwezi kusema nani alifanya nini.

Tatu, mpe msimamizi lebo iliyobanwa na umnyime mafaili ya hifadhidata. Katazo hilo lisiishie kwenye kusoma. Azuiwe pia kubadilisha lebo za mafaili hayo, na azuiwe kusoma diski moja kwa moja, kwani njia hizo mbili zinaweza kumfikisha palepale kwa mlango wa nyuma.

Nne, linda programu ya MySQL yenyewe na faili lake la mipangilio. MySQL ndiyo inayoruhusiwa kusoma data. Mtu anayeweza kuibadilisha programu hiyo, au kuiamuru iwashwe bila kuuliza manenosiri, anaweza kuitumia kama mkono wake. Masasisho yafanywe kwa wakati uliopangwa, watu wawili wakiwepo.

Tano, tenganisha madaraka. Anayeendesha seva asiwe ndiye anayeandika sera ya usalama, na anayeandika sera asiwe ndiye anayesimamia hifadhidata. SELinux inaruhusu mgawanyo huo, na pia inaruhusu sera kufungwa isibadilishwe hadi seva iwashwe upya. Mtu mmoja akishika majukumu yote matatu, atajifungia kwa mkono wa kushoto na kujifungulia kwa wa kulia.

Sita, daftari la matukio litumwe kwenye mashine nyingine. Daftari linalobaki kwenye seva ileile linaweza kufutwa na anayechunguzwa. Na pawe na mtu wa kulisoma, kwani daftari lisilosomwa halimzuii mtu.

Saba, nakala za akiba zisimbwe fiche. Haisaidii kuifunga folda ya hifadhidata ikiwa kila usiku nakala yake kamili huwekwa kwenye diski ya nje inayolala kwenye droo. Ufunguo wa kufungulia nakala ushikwe na mtu asiyeshika nakala zenyewe.

Nane, anza katika hali ya kutazama tu, soma makosa yanayoandikwa kwa wiki kadhaa, rekebisha sera, kisha uweke hali ya kutekeleza. Jaribu kurejesha data kutoka kwenye nakala ya akiba kabla ya kufunga. Siku ya seva kuharibika si siku ya kugundua kuwa sera inazuia urejeshaji.

MAHALI KINGA HII INAPOISHIA

Hakuna kufuli moja inayofunga nyumba nzima. Udhibiti wa lazima hufanya kazi wakati Linux ya seva hiyo ndiyo inayoendesha mashine. Mtu anayeweza kuiwasha seva kwa flashi yenye mfumo mwingine, au kuchomoa diski na kuondoka nayo, ameukwepa. Kinga ya hapo ni kuisimba diski yote, kufunga mipangilio ya kuwashia kwa nenosiri, na kufunga chumba cha seva kwa ufunguo. MySQL yenyewe pia ina uwezo wa kusimba mafaili yake, mradi ufunguo usihifadhiwe kando ya mafaili hayo.

Pia kinga hii haimzuii mtu mwenye nenosiri halali la mfumo wa hospitali. Muuguzi au karani anayefungua faili la jirani kwa udadisi anapita mlangoni, na huyo hudhibitiwa kwa ruhusa za ndani ya mfumo na kwa ukaguzi wa nani alifungua faili gani. Wala haisaidii pale rejista ya karatasi inapoachwa wazi mezani, au skrini inapotazama foleni ya wagonjwa.

Matumizi ya namba badala ya majina yana nafasi yake pia. Mgonjwa wa CCC hupewa namba ya tarakimu kumi: tano za kituo na tano zake mwenyewe. Ripoti na orodha zinazotoka nje ya kliniki zikitumia namba hiyo peke yake, kuvuja kwake hakumtaji mtu kwa jina.

VITUO VIDOGO NA VYA MBALI

Msomaji anaweza kuuliza: zahanati ya wahudumu wanne itapata wapi wasimamizi watatu wa kompyuta? Swali hilo ni la haki. Katika kituo kilicho kisiwani Mfangano au ndani kabisa ya Kuria, fundi anaweza kuwa mmoja tu, na huenda anahudumia vituo vingine kadhaa.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuhamisha seva za vituo vidogo hadi mahali pamoja panapolindwa vizuri, vituo vikizifikia kwa mtandao. Njia hiyo hutegemea intaneti na umeme wa uhakika, na huo ndio ugumu wake. Ya pili ni kuiacha seva kituoni lakini kuupeleka ufunguo wa sera makao makuu ya kaunti. Fundi wa kituo anaendelea na kazi za kila siku. Kubadilisha sera kunahitaji afisa wa makao makuu. Kwa njia hiyo watu wawili wanahusika bila kuajiri mtu mpya katika kila zahanati.

Lazima pia kuwe na utaratibu wa dharura. Umeme ukipotea usiku, seva ikatae kuwaka asubuhi, na wagonjwa wawe wanasubiri dawa, hatuwezi kusema fundi asubiri siku mbili. Utaratibu unaotumika mahali pengi ni bahasha iliyofungwa kwa lakiri, yenye nenosiri la dharura, inayotunzwa na mkuu wa kituo. Ikifunguliwa, saa na sababu huandikwa, watu wawili hutia saini, na nenosiri hubadilishwa baada ya kazi kwisha. Ni utaratibu uleule wa rejista ya mofini.

Kuhusu gharama, SELinux na AppArmor hazilipiwi. Kinachogharimu ni muda na mafunzo. Kwa hivyo bajeti ya mfumo wa rekodi za afya inayohesabu kompyuta, nyaya na betri peke yake, bila siku za mafunzo kwa anayeusimamia, ina pengo.

SHERIA INASEMA NINI

Sheria ya Ulinzi wa Data ilianza kutumika Novemba 25, 2019. Chini yake, taarifa za afya ni data nyeti. Kifungu cha 41 kinamtaka kila anayedhibiti data kuweka hatua za kiufundi na za kiutawala za kuzilinda tangu mfumo unapoundwa, na kuhakikisha kuwa kwa kawaida ni data zinazohitajika tu ndizo zinazochakatwa. Sheria haitaji SELinux wala programu nyingine kwa jina. Inauliza kama hatua zilizochukuliwa zinalingana na hatari iliyopo.

Data zikifikiwa na mtu asiyeruhusiwa na kukiwa na hatari ya kweli ya madhara, Kifungu cha 43 kinamtaka anayezidhibiti kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu kujua, na kumjulisha mhusika kwa maandishi. Kupata data za kibinafsi bila idhini ya anayezidhibiti ni kosa la jinai, na adhabu ya jumla ya Sheria hiyo ni faini isiyozidi shilingi milioni 3, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 nayo inaadhibu kuingia kwenye mfumo bila idhini: faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Virusi vya Ukimwi ya 2006 inakataza kufichua matokeo ya vipimo vya mtu bila idhini yake, isipokuwa katika hali zilizotajwa, na ndiyo iliyounda Baraza maalum la kusikiliza malalamishi ya aina hiyo.

HAKI ZAKO NA MASWALI UNAYOWEZA KUULIZA

Mwananchi hahitaji kujua lebo wala sera ili kudai siri yake. Unapoandikishwa kituoni una haki ya kujua data zako zitatumika kwa kazi gani, kuomba kuziona, na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa. Unaweza kuuliza maswali haya kwa heshima, au kuyapeleka kupitia kamati ya afya ya kituo chako:

Nani anaweza kufungua faili langu, na je, jina lake huandikwa anapolifungua?

Je, anayetunza kompyuta anaweza kusoma yaliyomo?

Nakala za akiba huwekwa wapi, na je, zimesimbwa?

Data zikivuja, nitajulishwaje?

Ukiamini kuwa taarifa zako zimefichuliwa, anza kwa kumwandikia msimamizi wa kituo na ubaki na nakala ya barua. Unaweza pia kuwasilisha lalamishi kwa Ofisi ya Kamishna wa Data kupitia tovuti yake, odpc.go.ke. Sheria inataka lalamishi lichunguzwe na kukamilishwa ndani ya siku 90. Andika tarehe, kituo, kilichofichuliwa na jinsi ulivyojua. Huhitaji kumtaja aliyefanya kosa. Kumtafuta ni kazi ya uchunguzi.

Na kwa wanaotumia dawa: usiache kuhudhuria kliniki kwa hofu ya kompyuta. Ukiwa na wasiwasi kuhusu siri yako, mweleze mhudumu anayekuhudumia au msimamizi wa kituo, huku ukiendelea na matibabu.